Kitengo cha Theluji Chapata Mwombaji

Asubuhi ile Kitengo cha Maendeleo ya Theluji kilitangaza rasmi kwamba Muscat imeingia katika enzi ya michezo ya baridi. Ruzuku ilikwisha kutengwa, kamati zilikwisha kuundwa, na vijana wote wakaazi wa mji ambao hawajapata kuteleza juu ya theluji walikaribishwa kuomba. Nje, lami ya mtaa wa Azaiba ilikuwa ikinata kwenye soli za viatu. Ndani, wafanyakazi walikuwa wakipongezana kwa halua na kahawa, mara mlango ukafunguka, akaingia mtu ambaye mipango yote ya Kitengo haikumtazamia: mwombaji.

Hapakuwa hata na kiti cha kumkalisha.

Alikuwa msichana wa Kiganda, mkoba kwapani, jasho likimtiririka. "Hamjambo," alisema. "Nimekuja kwa ile theluji."

"Theluji gani, mwanangu?" aliuliza Bi Mahbuba, karani mkuu.

"Ile mmebandika pale stesheni ya basi, Ruwi. Mmesema ni ya bure."

Bi Mahbuba akamgeukia Atheer. "Nna miaka chungu nzima kwenye kazi za serikali, sijapata kuona mtu kaja kweli. Mshughulikie wewe, wewe ndo msomi."

Atheer alikuwa ametoka chuo kikuu juzi tu, yuko kwenye mkataba wa majaribio, na ndiye mtu pekee katika jengo lile aliyeyasoma malengo ya Kitengo akalengwalengwa na machozi. Aliliamini kila neno. Aliona busara hata katika kukigawa Kitengo kuwa Idara ya Mbao Mbili, kwa wanaoteleza wakitazama mbele, na Idara ya Ubao Mmoja, kwa wanaoteleza ubavu, idara ambazo hazikuamkiana tangu zigombee chumba chenye dirisha. Alimpa mgeni kiti chake mwenyewe.

Mgeni aliitwa Nassimbwa. Alifanya kazi za ndani hapo hapo Azaiba, na alilelewa Kasese, chini ya milima ya Rwenzori.

"Theluji yetu iko juu kabisa," alieleza. "Asubuhi mawingu yakifunguka tunaiona, nyeupe pe! Mama anasema angalia haraka, halafu yanafunga tena. Sijawahi kuigusa, madam. Nataka niiguse tu. Na kama mnaweza, niteleze kidogo."

Mkurugenzi, Ustadh Khattab, alitoka ofisini mwake aliposikia neno "theluji" likitamkwa na mtu asiyelipwa posho ya kulitamka.

"Umesema kwenu kuna theluji?"

"Iko, boss."

"Na umeiona?"

"Tangu utoto."

Ustadh Khattab akatikisa kichwa kwa huruma, kama daktari mwenye majibu mabaya. "Basi wewe ni mzoefu. Kanuni iko wazi. Aliyezaliwa kwenye nchi ya theluji ni mzoefu. Aliyezaliwa Muscat ni mwanagenzi. Na ruzuku ni ya wanagenzi."

"Lakini, Ustadh," Atheer alisema kwa upole, "binti yako Raghad huenda Uswisi kila mwaka. Karudi na medali."

"Raghad kazaliwa Muscat. Mwanagenzi."

"Na ile theluji inayoanguka kwenye mlima wetu wa Jebel Shams?"

"Hiyo tumeshaiainisha. Ni mvua iliyokawia."

Isidhaniwe kwamba kanuni zile zilitungwa ovyo. Zilimtambua kijana kuwa ni mtu yeyote ambaye hajastaafu, na kwa msingi huo Ustadh Khattab, pamoja na mvi zake, aliwahi kupelekwa Uswisi katika ziara ya vijana. Alikaa hotelini muda wote kwa sababu nje kulikuwa na baridi.

Atheer alimsindikiza Nassimbwa mpaka kwenye lifti. "Njoo Ijumaa, mtaa wa Ghala, kwenye uzinduzi wa Ukumbi wa Theluji," alimnong'oneza. "Utateleza. Nakuahidi."

"Madam, usiniambie hivyo kama haiwezekani. Maama, bosi wangu, ananipa ofu moja kwa mwezi, na ndiyo hiyo Ijumaa. Hapa kwenyewe nimetumwa dukani, nimepotea njia makusudi."

"Nimeahidi."

"Haya. Lakini nikikuta ni stori tu, nitakununia mpaka Uganda."

Atheer aliandika ombi kwa Mbao Mbili. Mbao Mbili wakalipeleka Ubao Mmoja. Ubao Mmoja, kwa kuwa hawakuwa wakisemezana na Mbao Mbili, wakalirudisha bila kulifungua. Alhamisi Ustadh Khattab akamwita.

"Binti, mkataba wako wa kudumu n'shaupokea. Nautia sahihi kesho baada ya sherehe. Mtu mwenye akili, mpaka hapo, hunyamaza."

Atheer alimfikiria mama yake, ambaye alikwisha kuwatangazia majirani wote kwamba binti yake ni mtu mkubwa katika theluji. Usingizi haukumjia upesi.

Ukumbi wa Theluji ulikuwa Ghala, ubavuni mwa gereji ya malori, katika bohari lililokuwa zamani likihifadhi kuku waliogandishwa. Theluji ilikuwa nzuri sana, ila ilinuka kuku. Mgeni rasmi alikuwa Shaikh Aflah, mzee asiyependa maneno mengi, ambaye mfuko wake ndio uliotoa ruzuku.

Shughuli ilifunguliwa kwa Jaribio la Uanagenzi, ambapo kila mwombaji lazima aanguke mbele ya kamati. Raghad aliteremka mteremko, akaanguka kwa ustadi, uso ukielekea kamera. Binamu zake wakafuata, mmoja mmoja, kwa mpangilio. Kamati ikathibitisha kwamba hawajui kitu.

"Maashallah," alisema Shaikh Aflah. "Na nani atawafundisha?"

"Mimi, Mheshimiwa," alijibu Ustadh Khattab. "Mkufunzi Mkuu."

"Mkufunzi sharti awe mzoefu, au siyo?"

"Kanuni ndivyo isemavyo."

"Haya. Mzoefu hapa nani?"

Nassimbwa alikuwa amesimama mlangoni, kavaa koti la kuazima, macho hayabanduki kwenye ule weupe. Atheer alimtazama. Kisha akamtazama mkurugenzi, aliyekuwa akiipapasa kalamu mfukoni taratibu.

"Kwa mujibu wa kanuni," Atheer alisema, "sisi sote tuliozaliwa Muscat ni wanagenzi. Pamoja na Mkurugenzi. Mzoefu ni mmoja tu. Yule pale mlangoni."

Vichwa vyote vikageukia mlangoni.

"Mimi?" Nassimbwa alishtuka. "Mzee, mimi sijui kitu! Nimeionaga kwa mbali tu."

"Kanuni haikuuliza kujua," Shaikh Aflah alisema. "Ustadh Khattab ndo kaitunga, na mie nnaiheshimu."

Hapo Ustadh Khattab akawa mtu wa vitendo. Alijifunga mbao za bintiye na kupanda juu. "Nitaonesha mwenyewe! Hatua ya kwanza ni kuudhibiti mwili." Hatua ya pili aliieleza akiipita meza ya mgeni rasmi. Ya tatu ilisikika kutoka ndani ya rundo la makatoni ya kuku. Kamati, kwa mazoea, ikapiga makofi.

"Huyu wallahi hakuigiza," alisema Bi Mahbuba.

"Baba!" Raghad alipiga ukelele. Akanyakua mbao za binamu yake, akateremka kama mshale, akakata kona na kusimama papo hapo miguuni pa baba yake, theluji ikiruka pande zote. Kamati nzima ikatazama dari.

Shaikh Aflah hakutazama dari. "Binti huyu hana la kujifunza," alisema. "Babake je, kastaafu?"

"Bado, Mheshimiwa," alijibu Bi Mahbuba.

"Basi ni kijana. Ruzuku yake. Kila Ijumaa, mpaka ajue kusimama. Na aanze sasa hivi."

Nassimbwa hakuwa akisikiliza. Alikuwa amechutama, kiganja kwenye theluji, kisha shavu. Halafu akakunjua katoni moja, akalipandisha juu, akaketi. "Mama weee!" alipaza sauti, na kelele zake zikateremka naye mpaka chini.

Wakati anachomolewa kwenye makatoni, Ustadh Khattab alimwona Atheer. Kalamu ilikuwa bado mfukoni. "Majaribio yako yamekwisha," alimwambia.

Atheer alitoka nje, akasimama kwenye jua karibu na gereji, akitafuta la kumwambia mama yake. Nyayo zikaja mbio nyuma yake.

"Madam! Nimekuletea!" Nassimbwa alifumbua viganja. Palikuwa na maji tu. "Ilikuwa nyingi, haki ya Mungu."

Atheer aliishika mikono ile. Ilikuwa bado baridi. Kutoka ndani, kijana mpya wa Idara ya Mbao Mbili alisikika akiomba asimamishwe.