Keria ya Baiskeli Nyuma ya Gari la Mafunzo

Jumatatu, 9 Juni

Habari kubwa. Mwalimu wa michezo ametangaza kwamba Jumamosi hii, saa tatu asubuhi, kutakuwa na mbio za baiskeli za wasichana kwenye barabara ya bwawani. Timu ya shule imebakiza nafasi moja. Wanaoigombea ni wawili, mimi na binamu yangu. Atakayemtangulia mwenzake ndiye atakayeipata.

Nimeitaka nafasi hiyo tangu nikiwa darasa la sita. Sijamwambia mtu. Nikimwambia mama, ambaye ni fundi cherehani, atanishonea fulana ya ushindi kabla sijashinda.

Binamu ni binti wa mama mdogo. Tunasoma darasa moja na tunaishi mtaa mmoja. Baiskeli yake aliirithi kwa babu yake wa upande wa baba, na ni nzito kama kitanda cha chuma. Yangu ni nyepesi. Ina gia kumi na nane, na kati ya hizo kumi na moja zinafanya kazi.

Bwawani ni kilomita tisa kutoka hapa. Binamu amesema atakwenda kwa baiskeli yake, polepole, ili misuli ipate moto. Maskini. Atafika hoi kama mtu aliyetoka kulima. Mimi nitafika nimeketi kitako, baiskeli ikiwa nyuma ya gari la baba.

Kikwazo ni kimoja tu: baba.

Jumanne, 10 Juni

Baba ni mwalimu wa udereva. Gari lake lina breki mbili, klachi mbili, na kitambaa cha kulifutia ambacho sisi wengine haturuhusiwi kukigusa. Zamani nilipomwomba abebe baiskeli ndani, alisema mnyororo una grisi na gari si toroli. Kwa hiyo ndani hapana. Nje, basi. Yaani keria.

Nimefanya utafiti kama tulivyofundishwa. Keria za baiskeli ni za aina tatu. Ya kwanza hufungwa juu ya paa. Haifai, kwa sababu juu ya paa kuna kibao kikubwa cha jina la chuo cha baba, na kibao hicho ni kama taji kwake. Ya pili huchomekwa kwenye ndoano ya kukokotea. Gari letu halina ndoano. Baba anasema ukiwa na ndoano, ukoo mzima utakuja kuvutwa. Ya tatu hushikwa kwa mikanda kwenye buti. Nimechagua ya tatu. Ni uamuzi wa kisayansi. Pia ndiyo pekee aliyokuwa nayo muuza vipuri vya mtumba.

Amesema ni kama mpya. Kwenye picha ina mikanda sita. Mkononi ina mitano. Nilipouliza, alijibu kwamba wa sita ni wa watu wenye wasiwasi. Nikamwambia mimi sina wasiwasi. Akaniambia ameona.

Karatasi ya maelekezo imeandikwa kwa lugha nisiyoijua, ila ina picha. Picha ya kwanza: shika. Ya pili: funga. Ya tatu: vuta mkanda. Ya nne inaonyesha tairi la baiskeli karibu na kitu kama sigara nene inayotoa moshi, na juu yake alama kubwa ya kukataza. Maana yake ni marufuku kuvuta sigara karibu na baiskeli. Baba havuti. Tumevuka salama.

Jumatano, 11 Juni

Jumamosi baba hana nafasi. Anamfundisha Bibi Mkunga, mkunga mstaafu ambaye amezalisha nusu ya mtaa huu, mimi nikiwemo, lakini anaogopa gia ya pili. Huwa wanazunguka uwanja wa maonyesho na kurudi.

Nikaenda kumsalimia baada ya shule. Nikamshikia kamba ya kuanikia nguo. Nikamwambia, bila kumkazania, kwamba nimesikia watahiniwa wengi hupelekwa barabara ya bwawani. Si uongo kamili. Lazima kuna mtahiniwa amewahi kupita huko.

Jioni Bibi Mkunga alimpigia baba simu kuomba somo la Jumamosi liwe la kwenda bwawani. Baba alifurahi mno. Alimwambia mama kwamba hatimaye amepata mwanafunzi mwenye ari. Nikaacha amalize kufurahi. Kisha nikauliza kama kiti cha nyuma kina mtu. Akasema hakina. Nikauliza kama nyuma ya kiti cha nyuma, kwa nje, pana kitu. Aliniangalia sana.

Nilimwonyesha keria. Akatoa masharti mawili. La kwanza, rangi ya gari isipate hata ukwaruzo. La pili, namba za gari na kibao chekundu cha NAJIFUNZA vionekane wazi, maana ni sheria, na yeye hatafungiwa leseni kwa ajili ya mnyororo wa mtu.

Mama akauliza kwa nini nisiende kwa baiskeli. Watu wasiofuatilia michezo huuliza maswali ya ajabu.

Alhamisi, 12 Juni

Jaribio la kwanza. Nimeweka vipande vya flana vya mama chini ya kila mguu wa keria. Sharti la kwanza limetimia. Lakini baiskeli ikikaa juu inaziba kibao, na ikikaa kati inaziba namba. Nimelegeza mikanda hadi ikashuka chini kabisa, kwenye bampa. Kila kitu kinasomeka. Pengo la mkanda wa sita nimeliziba kwa mpira wa kiunoni, ule wa kwenye sketi. Umeshika vizuri.

Binamu akapita kutazama. Alizunguka gari mara mbili kama mkaguzi. Kisha akachuchumaa, akaonyesha bomba la moshi, akauliza kama tairi langu la nyuma halijakaa karibu nalo mno.

Husuda ina njia nyingi za kuvaa nguo ya msaada. Nilimweleza kwa upole kwamba nimesoma maelekezo yote. Akasema sawa, dada. Huyu ni mdogo kwangu kwa wiki tatu tu, lakini huniita dada kila akinihurumia.

Ijumaa, 13 Juni

Binamu amenialika tuondoke pamoja kesho saa moja na nusu, tuendeshe taratibu tukipiga soga. Nimemshukuru. Nimemwambia nitamsubiri kule kwenye kivuli.

Sikufanya mazoezi. Natunza nguvu.

Jumamosi, 14 Juni

Naandika haya nikiwa na kidonda moyoni, lakini nitafuata mpangilio.

Tuliondoka saa moja na nusu kamili. Bibi Mkunga kwenye usukani, baba pembeni, mimi nyuma. Binamu alitoka muda uleule, na kwa kilomita mbili za kwanza tulimwacha mbali. Nilimpungia mkono kama mke wa rais.

Kisha ukaja mlima. Gari lilizima. Baba akasema hakuna neno, hii ndiyo nafasi ya kujifunza kuondoka mlimani. Tukajifunza. Gari likazima mara ya pili, ya tatu, ya saba. Baada ya mara ya tisa Bibi Mkunga aliacha kumsikiliza baba. Akalipapasa gari kwenye dashibodi na kuliambia kwa sauti tulivu, sauti ya kazini:

“Sukuma, mama. Usiogope. Pumua, sukuma.”

Akakanyaga mafuta hadi mwisho. Injini ikapiga kelele kama iliyokuwa kweli na uchungu. Hatukusogea. Binamu akatupita.

Palianza kunuka. Baba alisema ni klachi. Bibi Mkunga akaomba radhi. Mimi nikasema labda kuna watu wanachoma takataka.

Hatimaye gari lilipotufikisha juu, binamu alikuwa amesimama kando ya barabara, baiskeli ameilaza majanini, anatupungia mikono yote miwili na kuonyesha nyuma yetu. “Shukeni muangalie!” alipaza sauti. Baba akauliza anasema nini. Nikamwambia anatusalimia. Nikampungia tena. Naandika ukweli kwa sababu shajara haipaswi kudanganywa: nilidhani anataka tusimame ili anitangulie.

Tulifika saa tatu kasoro dakika kumi. Nikazunguka nyuma ya gari.

Tairi la nyuma lilikuwa limeyeyuka. Upande mmoja umening'inia kama pipi iliyosahauliwa mfukoni mwa sare, na tyubu imeonekana, nayo ina tundu linalopitisha kidole. Rangi ya gari haina hata ukwaruzo mmoja. Kibao kinasomeka vizuri sana.

Mwalimu wa michezo alikuja na daftari lake. Aliitazama baiskeli, akanitazama mimi.

“Binti, hata hujaanza kukimbia, umeshaunguza tairi.”

Wasichana wa timu walicheka hadi wakashikana. Niliuliza kama kuna tairi la kuazima. Lilikuwepo moja, la baiskeli ya mtoto mdogo. Binamu akashuka kwenye lile dude lake, akasema mbele ya wote kwamba mbio ziahirishwe kidogo, angerudi mjini kunitafutia tairi. Mwalimu akasema haziahirishwi. Ningependa kuandika kwamba nilimshukuru. Nilimwambia alipaswa kupunga mikono kwa njia inayoeleweka zaidi.

Filimbi ikalia. Wakaondoka. Nilikaa kwenye bampa nikisikia vumbi likitua kwenye meno. Bibi Mkunga akaja kukaa kando yangu, akanipa nusu ya embe lake.

“Ulizaliwa umetanguliza miguu,” alisema. “Nilimwambia mama yako, huyu atafika kila mahali, ila kwa njia yake.”

Nililia kidogo. Embe lilisaidia kuficha.

Binamu alimaliza wa tatu kati ya wasichana kumi na wawili. Nafasi ya timu ni yake. Miguu yake ilikuwa imepata moto, alisema, tangu kule mlimani.

Bibi Mkunga alituendesha kurudi kwa gia ya tatu, akiimba. Baba anasema yuko tayari kwa mtihani. Angalau mpango wangu umemfaa mtu.

Jumapili, 15 Juni

Mama ameniuliza nimejifunza nini. Nimemjibu mengi. Kwanza, maelekezo yachorwe na watu wanaojua kuchora. Pili, mlima ule umewekwa mahali pabaya. Tatu, ndugu akitaka kukuonya, ashuke na kusimama mbele ya gari.

Lakini matumaini yapo. Mwalimu wa michezo anahitaji msichana mmoja wa akiba. Majaribio ni Jumamosi ijayo, saa tatu, kutoka lango la shule hadi sokoni na kurudi. Baba amenipa tairi jipya. Binamu amekuja kunisaidia kulivalisha. Amesema asubuhi hiyo atanipitia tusukume baiskeli pamoja hadi langoni.

Kutoka mlangoni kwetu hadi lango la shule ni hatua mia nne na kumi. Nimezihesabu leo. Ndivyo watu wanavyojichosha bila kujua.

Seremala wa nyumba ya tatu ana mkokoteni mkubwa wa kubebea mbao. Nimemwomba aniachie Jumamosi saa mbili na nusu, na yeye mwenyewe auvute. Akauliza anabeba baiskeli au ananibeba mimi.

Nimemwambia sote wawili.