Ushauri kwa Joram wa Miaka Kumi na Tisa

Jumamosi, 26 Aprili 1986

Mvua. Malindi nzima inanuka pamba iliyolowa, au labda ni mimi. Nilikuwa barazani nikitazama maji yakiingia kwenye kiatu changu cha kushoto alipofika mzee Nzai wa Dabaso, yule anayeleta nazi sokoni Jumamosi na kusali nasi Jumapili. Kamkumbatia kuku kama mtoto mchanga. Habari kubwa! Binti yake Kabibi amepata nafasi katika chuo cha ualimu, huko bara kwenye baridi. Hakuna mwingine katika ukoo wao aliyefika huko. Mzee anaomba nimwandae binti. Amesema hapa mjini hamjui mtu mwingine aliyeonja chuo ila Mwalimu Joram.

Mwalimu Joram ni mimi. Kazi yangu ni karani wa mizani kwenye ghala la pamba, umri miaka thelathini na miwili. Watu wananiita Mwalimu tangu nihamie pwani, nami sijawahi kuwakataza. Wanajua kwamba nilisomea ualimu nikamaliza, kisha nikaikataa kazi kwa sababu ya msimamo. Msimamo gani? Hawajauliza. Watu wema sana.

Nilikaa chuoni wiki saba. Hilo limo humu daftarini tu. Hata mke wangu Nduku halijui.

Nilikubali kabla mzee hajamaliza kusema. Kuku pia nimempokea.

Jioni nilipita dukani kwa Thuku. Huyu anauza masanduku ya bati na misumari, aliishia darasa la saba, na ana maoni juu ya kila kitu. Mbele ya watu watano akasema kujiandaa kwa chuo si jambo gumu: blanketi zito, jagi, na kuisoma vizuri barua ya chuo. Basi! Watu wakaitikia. Nikacheka kicheko cha kisomi. Hakuna aliyeniuliza ninacheka nini.

Nina mpango.

Jumapili, 27 Aprili

Mpango wenyewe: Jumapili ijayo, baada ya ibada, kutakuwa na maombi ya kumuaga Kabibi. Nitasimama na kusoma barua niliyojiandikia mimi mwenyewe nikiwa kijana, nikijishauri jinsi ya kujiandaa kwa maisha ya chuo. Hakuna aliyewahi kufanya hivyo kanisani kwetu. Kina mama watalia. Thuku atakaa nyuma na blanketi lake.

Nimekaa kuandika. Kalamu ikaniponyoka ikaandika yafuatayo:

Joram, usingoje suti kwa fundi. Nenda siku uliyoitwa. Wewe utangoja suti wiki nzima ili uingie chuoni kama mkubwa fulani, na ukifika utakuta kitanda chako kina mwenyewe. Utalala kwenye godoro karibu na mlango. Kila anayeingia atakukanyaga. Utaona haya kuuliza masomo yaliyokupita, utakaa nyuma ukitikisa kichwa kama mtu anayeelewa. Mtihani wa kwanza utapata alama ambazo hutamtajia mtu. Uliza, Joram! Omba msaada! Usipande basi siku ile ya Ijumaa bila kumuaga yeyote. Na ukifika nyumbani usimwambie baba yako kwamba umefanya vizuri mno hata wamekupa ruhusa ya kupumzika. Atakuchinjia mbuzi, na utamla.

Nikaisoma. Nikaichana. Haifai kabisa kwa hadhira.

Nimeanza upya: “Joram mpendwa, mafanikio yanakungoja.” Bora zaidi.

Jumanne, 29 Aprili

Somo la kwanza la Kabibi, nyumbani kwangu. Binti mpole, shikamoo yake imekamilika, ila maswali yake hayana huruma. Nguo hufuliwa wapi? Taa za bweni huzimwa saa ngapi? Ukiugua unamwambia nani? Nikamjibu kwamba hayo ni mambo madogo. Akaandika daftarini mwake: mambo madogo. Akapiga mstari chini.

Nikamfundisha kula ugali kwa uma na kisu. Uma umepinda. Nduku alitoka nje akakaa muda mrefu, mabega yakimtikisika. Kisha nikamfundisha mwendo wa msomi: polepole, mikono nyuma. Akatembea hivyo hadi mlangoni akagonga mtungi wa maji.

Mwisho akanipa barua ya chuo niisome. Nikaisoma.

Anatakiwa kuripoti Jumatatu tarehe tano Mei, kabla ya saa sita mchana. Atakayechelewa, nafasi yake atapewa mwingine. Basi ni lazima aondoke hapa Jumamosi asubuhi: basi hadi Mombasa, treni hadi Nairobi, kisha basi jingine. Yaani Jumapili hatakuwepo! Nani atakaa kiti cha mbele? Nitamsomea nani kurasa sita?

Nikaikunja barua taratibu. Nikamwambia tarehe za chuo zisimtishe. Wiki ya kwanza, nikasema, ni ya kufyeka nyasi tu, na wanafunzi wanaojiheshimu huingia wiki ya pili.

Alinitazama. Akauliza kama nina hakika. Nikamuuliza kati yetu ni nani aliyefika chuo.

Alhamisi, 1 Mei

Sikukuu ya wafanyakazi. Kikao nyumbani kwa mzee Nzai, Dabaso. Thuku naye alikuja na pikapu yake, hakualikwa na mtu ninayemjua. Kakaa karibu na chai.

Thuku akasema binti aondoke Jumamosi kama barua inavyosema, na maombi yafanywe kesho. Mchungaji kesho yuko Kilifi, nikamjibu. Akasema Mungu anasikia hata bila mchungaji. Wazee wakaguna kwa kumkubalia. Hali ikawa mbaya.

Nikasimama. Nikasema kwa upole kwamba namheshimu sana ndugu yangu Thuku kwa upande wa misumari. Lakini katika mambo ya elimu ya juu, mtu aongee alichokiona kwa macho yake. Mzee Nzai akanitazama, akamtazama Thuku, kisha akatazama mikono yake iliyojaa sugu za kukwea minazi.

“Mimi sijui kusoma,” akasema. “Mwalimu amesema, basi imetosha. Mwanangu ataondoka Jumatatu, akishaombewa.”

Ushindi! Thuku hakumaliza chai.

Kabibi alikuwa mlangoni ameshika sinia. Sijui kwa nini naandika hilo.

Chakula cha jioni sikukigusa. Nduku aliuliza kama ninaumwa. Nikasema ni uchovu wa ushindi.

Jumamosi, 3 Mei

Siku mbaya kuliko zote. Niandike kwa mpangilio.

Asubuhi nilikuwa nikifanya mazoezi ya barua mbele ya kioo. Nduku alikuwa akichambua mchele. Akaniuliza, bila kuinua macho, kama mimi wakati wangu nilichelewa kuripoti. Nikasema kidogo. Akauliza ikawaje. Nikasema haikuwa kitu.

Akaweka ungo chini.

“Baba Kioko,” akasema, “wiki saba si jambo la kusema haikuwa kitu.”

Kioko ni mtoto wetu, yuko darasa la pili, naye alikuwa nje akicheza na wenzake. Nilishukuru kwa hilo tu. Nikamuuliza nani amemwambia. Akasema alipofariki baba yangu, yeye ndiye aliyepanga vitu vyake, na chini ya mkeka kulikuwa na barua kutoka chuoni, ya mwaka sabini na tatu. Chuo kilimuuliza mwanawe amekwenda wapi. Mama yangu alimweleza Nduku yote. Baba hakujua kusoma, akampelekea katekista amsomee. Barua ilifika kabla yangu, maana nilizurura mjini wiki mbili nikiogopa kwenda nyumbani.

Kabla yangu! Nikauliza, na yule mbuzi?

Nduku akasema baba alijua majirani wangecheka. Alisema mtoto akirudi nyumbani ana njaa, achinjiwe, watu waone mbuzi waache kuuliza maswali. Alingoja nimwambie mwenyewe. Alingoja miaka saba, kisha akafa.

Nilitoka nje nikasimama kwenye mvua bila sababu.

Kisha nikafanya jambo ambalo sijawahi kulifanya. Nikachukua baiskeli nikashika njia ya Dabaso, mvua yote ile, kwenda kumwambia mzee Nzai ukweli. Nilikuwa na maneno tayari: mimi si mwalimu, nilitoroka, binti aondoke leo hii, hata kwa miguu. Nilianguka mara mbili. Mara ya pili nilijikuta ninalia, ila kwa mvua ile hakuna ambaye angetambua.

Nilipofika nilimkuta mzee peke yake, akiparua muhogo. Aliponiona akainuka haraka, akashika kichwa.

“Mwalimu, nisamehe,” akasema. “Mtoto amenikaidi. Alfajiri alisimama hapo akasema, Baba, barua nimeisoma mwenyewe, na mimi naondoka. Sijawahi kumwona hivyo. Thuku amempeleka Mombasa na pikapu yake. Sasa hivi wameshavuka feri ya Kilifi. Nimekuvunjia heshima mbele ya watu.”

Nikasimama pale natiririka matope. Maneno yote niliyokuja nayo yalikuwa mdomoni. Mzee alikuwa karibu kupiga magoti. Ilikuwa nafasi nzuri, kamwe sitapata nyingine kama ile.

Nikamwekea mkono begani. Nikamwambia nimemsamehe.

Akanipa muhogo wa kupeleka nyumbani.

Jumapili, 4 Mei

Maombi ya kumuaga mtu aliyekwisha ondoka. Nilimshauri mchungaji tusiyavunje, kwa kuwa baraka husafiri. Watu tisa. Thuku alikuwepo, macho mekundu kwa safari, kakaa kiti cha mbele kilichokuwa cha Kabibi. Kabla ya ibada alisema mbele ya wote kwamba binti alipanda treni salama, ana blanketi na jagi. Walimpigia makofi. Kwa jagi!

Nikasimama na kurasa zangu sita. Nilipofungua kinywa tu, mvua ikashuka juu ya mabati kama mtu anayemwaga kokoto. Nikapaza sauti. Mvua nayo ikapaza. Kwenye ukurasa wa pili mchungaji akaanza kuniashiria. Nikajifanya simwoni. Ukurasa wa nne, uliokuwa mzuri kuliko yote, sikuusikia hata mimi mwenyewe. Bibi Nyevu aliyekaa pembeni alikuwa akifuta machozi, nikasema moyoni, angalau mmoja. Baadaye nikajua kwamba paa linavuja mahali pale.

Mzee Nzai hakuja. Aibu, wamesema.

Nduku alinisikiliza mpaka mwisho, macho chini. Njia nzima ya kurudi hakuniuliza kitu. Ningependa aniulize.

Jumapili, 18 Mei

Barua kutoka kwa Kabibi! Imeandikwa kwa mwandiko mdogo ulionyooka. Shikamoo Mwalimu, shikamoo mama. Alifika Jumatatu asubuhi, saa tatu. Amepewa kitanda karibu na dirisha. Baridi ni kali, maji ya kunawa yanauma vidole. Hakula ugali kwa uma, wenzake wote wanatumia mikono.

Kisha haya. Siku ya Jumanne walikuja wasichana wawili wamechelewa, mmoja kutoka mbali kuliko yeye. Langoni waliambiwa nafasi zao zimekwisha tolewa. Walikaa juu ya masanduku yao hadi jioni, wakilia, kisha wakaondoka. Kabibi aliwapelekea chai. Hakujua awaambie nini. Amenisamehe, anasema, maana labda zamani mambo yalikuwa tofauti. Ila anataka kujua: mimi niliyekaa chuoni, ningewaambia nini wale wawili?

Nimeisoma mara nne. Nduku ameisoma mara moja, akanirudishia, akasema sasa nina mtu wa kumwandikia ukweli, na hakuna mtu mwingine atakayeusikia. Akaniwekea karatasi mezani. Akanikatia na muhogo.

Nimekaa tangu asubuhi. Mvua imekatika, kumetulia kabisa, mtu anasikia hata kalamu. Nilijua hasa la kuandika. Wiki saba, godoro la mlangoni, basi la Ijumaa. Yangetosha nusu ukurasa.

“Mpendwa Kabibi,” nimeandika, “nakumbuka nilipokuwa mwaka wangu wa mwisho chuoni, nikiwa kiranja wa bweni, jambo kama hilo lilitokea.”

Nduku amepita nyuma yangu na birika. Amesimama, amesoma, amekwenda zake jikoni.

Nimegeuza ukurasa. Jambo hilo linahitaji maelezo marefu.