Wavu wa Kiwanjani na Ndege wa Septemba

Jumatatu, 2 Septemba
Wamemaliza kuutundika. Wavu wa rangi, mkubwa kuliko uwanja wa tenisi, umening'inizwa kwenye minara minne juu ya kiwanja chetu hapa Geelong. Ukivuta kamba, wavu wote unapepea na kengele zinalia. Watu wamejaa. Na kamba zote kumi ziko upande wa Theo Lambros, muuza samaki na chipsi! Kwenye duka langu la pai, wateja wanne kutwa nzima. Mke wangu Glenys amenikumbusha: biashara isipopanda kabla ya Krismasi, tunafunga na kuhamia kwa dada yake Queensland. Tanuri hili aliliwasha baba yangu. Siendi Queensland.

Jumanne, 3 Septemba
Nimekwenda manispaa kumwona Sandhya, msimamizi wa wavu. Nimeomba kamba zihamishiwe kwangu. Kasema atalifikiria. Maana yake hapana. Nitajitegemea.

Ijumaa, 6 Septemba
Nimepata! Magpai. Ndege yule mweusi na mweupe, ambaye akijenga kiota kila Septemba hutushambulia vichwani. Ila hasahau uso. Anayemlisha hamshambulii. Nitamlisha nyama ya kusaga juu ya kibaraza cha Theo, ajenge huko, wateja watimke. Glenys kauliza mbona nyama ya pai inapungua. Nimesema inanywea kwa joto.

Alhamisi, 12 Septemba
Tatizo dogo. Theo anafagia kibaraza chake kila asubuhi, nyama yote inakwenda. Nimelazimika kumlisha ndege mlangoni kwangu, kwa muda tu, ili tuzoeane. Tumezoeana sana. Anakula mkononi. Leo nimemwona anachomoa nyuzi za rangi ya waridi kwenye wavu. Anajenga. Nikafuata kwa macho anakozipeleka. Kwenye taa iliyo juu ya mlango wangu!

Alhamisi, 19 Septemba
Siku mbaya. Ndege kamtimua kila mtu, isipokuwa mimi. Mimi anatua begani. Theo naye anagawa makopo matupu ya aiskrimu, yamechorwa macho kisogoni, watu wavae kama kofia, maana magpai hamshambulii anayemtazama. Watoto wanayagombania. Foleni yake imefika kwenye mnara wa tatu.

Saa nane Sandhya akaja akitabasamu. Ombi langu lilikuwa limekubaliwa: kamba tano zingehamia kwangu Jumatatu. Hakumaliza sentensi. Ndege alimdonoa kichwani. Sasa kuna uzio mbele ya mlango wangu na kibao. Sheria inalinda kiota, hakiguswi, wiki sita. Kamba zinabaki kwa Theo.

Glenys aliangalia yule ndege begani kwangu, kisha akaangalia sufuria ya nyama.

"Merv, ulikuwa unamlisha wewe?"

Nimesema kidogo. Akasema mchimba kisima huingia mwenyewe, akaingia ndani. Hakuniletea chai. Imeniuma zaidi ya uzio.

Ijumaa, 20 Septemba
Theo kagonga mlango wa nyuma, kopo kichwani.

"Jirani, lete pai zako dirishani kwangu," akasema. "Nitauza kwa niaba yako. Sitaki hata senti. Baba yako alinilisha mwaka ule nilipofika hapa, sina hata koti."

Nilikuwa natafuta jibu la heshima la kukataa. Glenys keshampa sitini. Kufika saa nane pai zote zilikuwa zimekwisha, na watu wanauliza za kesho. Glenys kalia kidogo, kisha kasema pengine Queensland isubiri. Nilifurahi. Halafu nikafikiri. Hakuna mtu anayeuza pai za mwenzake bure. Anataka watu wasahau mlango wangu ulipo.

Jumapili, 22 Septemba
Nimelala nikiwaza, nimeamka na jibu. Sheria inanikataza mimi kumgusa magpai. Haimkatazi ndege mwenzake. Nimenunua mbegu za alizeti kilo tano na kuzimwaga juu ya paa langu. Kasuku wale weupe wenye kishungi wakija kundi zima, atahama mwenyewe. Glenys kauliza kama si hao waliokula fremu za madirisha ya kanisa. Nimemwambia aniachie mambo ya ndege, sasa nina uzoefu.

Saa kumi wamefika. Arobaini hivi. Mbegu hawajazigusa. Wametua wote juu ya wavu, wanatafuna kitu. Kutoka hapa sioni vizuri ni nini.