Sauti ya Bibi Ndani ya Pipa

Jumamosi, 20 Desemba. Same mjini.
Nina mpango! Ijumaa ukoo mzima unakutana kijijini Chome, na atakayewasikilizisha sauti ya Bibi ni mimi. Si Anderson, binamu yangu, na spika lake la majivuno. Kaseti ya wimbo wake ililiwa na redio zamani, lakini dada yangu Rogathe aliwahi kuigeuza faili na kunirushia. Babu anapuliza baragumu la msaragambo, la kuita kijiji kwenye kazi ya pamoja, kisha Bibi anaongoza wimbo na majembe yanaitikia. Tatizo ni moja. Faili ni zito kama gunia la mahindi, na simu inalia imejaa.

Jumatatu, 22 Desemba.
Nimepata programu ya kupunguza mafaili. Ikauliza nataka ubora gani. Nikachagua wa chini kabisa, mimi si mtu wa makuu. Likawa dogo kama punje! Lile kubwa nimefuta papo hapo. Nafasi iliyobaki nimejaza magoli ya ligi.

Jumanne, 23 Desemba.
Mungu wangu. Leo ndiyo nimesikiliza. Baragumu ni mbuzi mwenye mafua. Bibi anaimba ndani ya pipa. Nimeligeuza tena kuwa faili kubwa. Ukubwa umerudi wote, Bibi bado yumo pipani. Rogathe amepiga kuuliza kama wimbo upo. Nimesema upo. Si uongo, upo.

Ijumaa, 26 Desemba. Chome.
Aibu! Nimepiga wimbo kwenye spika la Anderson. Shangazi Fortunata akauliza huyo anayeimba ni nani. Binti wa Bibi mwenyewe! Nilitamani ardhi inimeze. Rogathe akachomoa flashi kwenye mkoba, akachomeka.

Baragumu likalia, likalia hasa, mpaka ng'ambo ya bonde. Kabla wimbo haujaisha majirani wakaingia uani na majembe. Mzee Zephania akauliza njia imekatika wapi. Huku Chome baragumu likilia huulizi kwanza, unabeba jembe. Wakaambiwa ni Bibi. Wakasimama hapo hapo na majembe yao, wazee wakaanza kuitikia. Shangazi akalia, nami nikalia. Nimemkumbuka Bibi akiniita nikale makande kazi ikiisha, mikono yake ina udongo mwekundu. Jamani, namkosa.

Mzee Zephania akasema majembe hayarudi nyumbani bila kazi. Tukaenda kuziba mashimo ya barabara. Nikawekwa mbele.

Jumapili, 28 Desemba. Same.
Shangazi ameniomba wimbo kwenye redio yake ndogo ya memori kadi, ausikilize akichambua maharage. Rogathe amenipa flashi shingo upande. Amesema nakala nyingine hana popote, ninakili tu, nisiguse kitu kingine. Nimemwambia nimejifunza.

Kadi ya Shangazi imejaa kwaya, faili halienei. Nikafikiri. Kosa la juzi lilikuwa kuchagua ubora wa chini kabisa. Leo nimechagua unaofuatia. Tofauti kubwa! Limeenea bila shida. Sijasikiliza bado, betri ya redio imekwisha.

Flashi ya Rogathe nayo nimeisafisha, faili zito la nini wakati jepesi lipo? Aweke picha za Krismasi. Bibi mwenyewe hakupenda kubana watu kwenye benchi.