Kinga ya Chuma cha Pua

Jumatatu, 4 Machi
Meneja wa duka letu la dobi ametangaza: atakayemaliza mwezi huu bila kukosa hata siku moja ndiye msimamizi wa chumba cha pasi. Wote wakamgeukia mwenzangu wa meza ya pili, tunayemwita Chuma cha Pua. Miaka sita hajapiga chafya! Mimi nikikohoa kidogo tu, narudishwa nyumbani. Namwonea wivu kweli.

Jumatano, 6 Machi
Mtoto wa dada ana tetekuwanga. Akili ikafanya kazi. Dada ni nesi, nikamdadisi. Eti aliyewahi kuugua au kuchanjwa hapati tena kirahisi, mwili umejitengenezea kinga na unaikumbuka. Na mimi niliyenyonya miaka mitatu? Akacheka. Kinga ya kupewa na mama huisha mapema, akasema, afadhali nikachanjwe. Sindano? Hapana. Maziwa ya mama yetu hayakuwa ya kawaida.

Jumamosi, 9 Machi
Dada yuko zamu, mimi nalea. Nimemwalika Chuma cha Pua chai. Amembeba mtoto, amempaka dawa, amembembeleza mpaka akamlalia kifuani. Nikachekelea moyoni. Dada aliporudi akamwuliza kama haogopi.

“Niliugua nikiwa darasa la pili,” akasema.

Kumbe! Hata ugonjwa aliupata kabla yangu. Dada akamsifu ana moyo. Mimi hajawahi kunisifu!

Ijumaa, 22 Machi
Madoa. Kifuani, mgongoni, hadi kwenye kope. Nikasema ni joto la pasi. Meneja akarudi nyuma hatua tatu, akanionyesha mlango.

Jumatatu, 25 Machi
Nani ananiletea uji kila jioni na kunikataza kujikuna? Yeye huyo huyo. Nimemchukia mpaka nikamaliza bakuli.

Jumatatu, 1 Aprili
Nimerudi kazini. Chuma cha Pua ndiye msimamizi. Jambo la kwanza alilofanya ni kunipa meza ya dirishani. Nilitaka kumwambia ukweli, nikamwambia hongera.

Jioni dada akasema sasa nami nina kinga. Nikauliza, ya kila kitu?

“Ya tetekuwanga tu, mdogo wangu.”

Nikawaza. Mtoto wa jirani wa chini amevimba mashavu. Matumbwitumbwi. Mchana msimamizi wetu aliniambia mwenyewe kwamba ugonjwa huo hajawahi kuugua wala kuchanjwa. Akilala wiki mbili, nani atakaimu? Kesho tunakwenda wote kumjulia hali mtoto. Mimi sina wasiwasi. Nilinyonya miaka mitatu.