Malalamiko Kuhusu Kaka Yako na Ekzosi Yake

Kwa Wifi Mkubwa, mlezi wa ukoo na msuluhishi wa ndoa zetu,

Pokea salamu nyingi, na uniwie radhi kwa kukuandikia badala ya kukupigia. Simu imenishinda, maana kila nikifungua mdomo, nyundo inaanza uani. Nakuletea mashtaka rasmi dhidi ya kaka yako, mume wangu, na lile gari lake jekundu la michezo, lenye milango miwili na viti ambavyo mtu hakai, anatumbukia. Ameamua kulibadilishia ekzosi yote, lile bomba la moshi, kutoka kwenye injini mpaka mkiani, hapa hapa nyumbani, kwa mikono yake. Alisema ni kazi ya asubuhi moja. Asubuhi hiyo, wifi yangu, sasa iko wiki ya tatu.

1. Banda aliloniahidi kuwa chumba changu cha kushonea limekaliwa na gari, liko juu ya stendi, na mkia limeupata jana tu. Nimepokea kazi ya sare za shule nzima, na cherehani iko chumbani. Nikishona nakalia kitanda, wateja nawapima jikoni.

2. Na jikoni kwenyewe si jikoni tena. Bolti zenye kutu zimelowekwa mafuta kwenye trei yangu ya keki. Sabuni ya vyombo imeishia kulainisha zile raba zinazoning'iniza bomba. Juzi jirani alikoroga chai kwa kijiko chenye grisi, akainywa yote kwa adabu, na hajarudi tena.

3. Kila mgeni anasikilizishwa ngurumo za ekzosi kwenye simu na kutakiwa achague iliyo tamu. Baba yangu mzazi, mtu mzima na heshima zake, alikuja kunijulia hali akaishia kuunguruma kwa mdomo sebuleni. Nilitaka ardhi inimeze!

4. Mimi amenifanya utingo. Nalala chali chini ya gari, naambiwa inua kidogo, shusha kidogo, shika hapo usipumue. Na kazi yenyewe haijui! Hebu niambie, wifi, mtu na akili zake anakazaje bolti za mbele mpaka mwisho wakati bomba la nyuma halijakaa sawa? Viungo vyote unaviacha vimelegea kwanza, unapanga, ndipo unakaza kuanzia mbele. Nilimwambia. Akacheka. Bomba likagonga bodi ya gari, tukafungua upya, na gasketi mpya ya kuziba kiungo ikachanika.

5. Kwa kifupi, nimeletewa mke mwenza bila taarifa. Mwenzangu anaogeshwa, anapakwa mafuta, anafunikwa shuka. Mimi nikipiga chafya naambiwa nisitikise spana.

Kwa hiyo naomba ukoo uchague moja. Mumchukue kaka yenu na stendi zake mkae naye hadi apone, au mlitambue gari rasmi kama mke mdogo, lipike zamu yake, liende misibani na likuamkie shikamoo kila likikuona. Kwa upande wangu nimeshatafuta dawa: mnunuzi anakuja leo alasiri. Kaka yako amekubali shingo upande na kusema uamuzi niufanye mimi. Tafadhali mpigie, umbane asigeuke, maana akigeuka banda nimelikosa, na sare zile sijui nitazimalizia wapi.

Nisalimie shemeji na watoto wote. Mama mkwe mwambie nampenda, na kwa yale malezi nimeshamsamehe.

Mimi wifi yako, niliyechoka lakini adabu bado ninayo,
Mke wa kaka yako

Nyongeza: Usimpigie. Mnunuzi amekuja, akalizunguka gari, akainama nyuma na kuuliza ni fundi gani babaishaji aliyefunga kiungo cha mwisho. Wifi, kiungo kile nilikifunga mimi jana, peke yangu, kaka yako akiwa dukani anatafuta gasketi nyingine! Nikaliwasha, nikamwambia anionyeshe moshi unapovuja. Hakuuona, na bado akataka apunguziwe. Nimemtoa mpaka getini, spana mkononi. Gari haliuzwi. Nitengee kile chumba chako cha wageni, cherehani naileta kesho.