Okochi Mkubwa na Posa Yangu

Jumatatu, 3 Agosti 1964
Asubuhi manyunyu, mawingu mazito upande wa ziwa. Jua limetoka saa nne.

Nimeamua! Nitaunganisha kina Okochi wote, kuanzia Busia hadi Tororo.

Sababu ni Metrine Ojiambo. Tulisoma darasa moja kwa masista. Mtihani wa mwisho mimi nilikuwa wa tatu, yeye wa nne, na mpaka leo hajanisamehe. Sasa anashona nguo upande wa Kenya, hatua chache tu kutoka mpakani, na ameanzisha Umoja wa Kina Ojiambo. Wanachama arobaini na mmoja. Vitambaa vya kichwa vya kijani, wote! Leo alivuka akaja hadi ofisini kwetu kwenye kiwanda cha pamba, ninakopiga taipu, akajifanya ametafuta uzi kila mahali amekosa. Akaniwekea mezani picha ya mkutano wao. Akauliza kina Okochi ni wangapi hasa. Nikasema hatujamaliza kuhesabu. Akasema, "Ukikwama niite, dada. Nina vidole kumi."

Tutaona, Metrine.

Faida ya pili. Jumamosi wazee wa Osborn wanakuja kwetu Bulumbi kuniposa. Osborn ni mwalimu Mulanda, upande wa Tororo, na yeye pia ni Okochi! Tulijuana mwaka jana barua yake ilipoletwa kwangu kwa makosa. Tukioana sitabadilisha hata saini. Basi mpango ni huu: kabla wazee hawajafungua mdomo, nitawafunulia ukutani mti wa ukoo, kina Okochi wote juu ya karatasi moja. Waone wanaoa wapi. Uzinduzi na posa siku moja, kuku walewale.

Jumanne, 4 Agosti
Asubuhi jua kali, upepo hakuna.

Nimepiga taipu Fomu ya Okochi. Maswali kumi na manne. Jioni nimezunguka kwa baisikeli pande zote mbili za mpaka. Nimepata kina Okochi kumi na tisa! Fundi cherehani, katekista, muuza samaki, mapacha wawili.

Tatizo moja. Kila mtu, kabla ya kujibu, ananiuliza mimi ni wa ukoo gani. Nawaambia hilo ni swali la zamani. Shuleni kila daftari lina mstari wa jina la ukoo, na kwenye mstari huo masista waliandika Okochi. Kinyozi wa sokoni alibisha sana. Alisema Okochi ni jina la baba yake tu, babu yake aliitwa Opolot, na babu wa babu hata hamjui. Akaendelea kunyoa. Nikaandika: "Opolot (Okochi)."

Alhamisi, 6 Agosti
Asubuhi ukungu, baridi kidogo. Mvua saa tisa.

Mti umekaribia kukamilika. Kushoto Bulumbi, kulia Mulanda. Katikati pengo. Nimeutazama mti saa nzima. Pande mbili nzuri namna hii na hazigusani! Nilihitaji mtu mmoja tu.

Nikamweka.

Okochi Mkubwa. Alitoka kaskazini na mkuki na wana wawili. Mmoja alipenda mtama akabaki Bulumbi, mwingine alipenda ng'ombe akaenda Mulanda. Inaingia akilini kabisa. Nashangaa hakuwepo.

Shangazi Nasirumbi, dada mkubwa wa baba, alipita akasimama nyuma yangu akitazama. Akasema, "Mwanangu, umeuliza hadi kinyozi. Mimi je?" Nikamweleza kwa heshima kwamba fomu ni ya wenye jina, na yeye si Okochi. Akacheka, akaenda zake kuanika mihogo.

Nakala sitini kwa karatasi za kaboni. Mikono yangu myeusi hadi kwenye viwiko.

Ijumaa, 7 Agosti
Asubuhi safi. Barabara imekauka.

Nimempelekea Metrine mwaliko na nakala moja. Alikuwa na pini mdomoni. Alisoma mti kutoka juu hadi chini. Akauliza tena ni nani wanaokuja kesho, na wanakuja kwa shughuli gani. Nikamwambia: wazee wa Osborn, kuniposa. Akacheka mpaka pini zikamwagika zote. Akasema hata kama mpaka ungefungwa angeogelea mto aje.

Wivu mtupu. Nimeshinda!

Osborn, niliyemtumia nakala, naye amejibu kwa mtu wa basi. Anasema mti ni mzuri, mistari imenyooka. Jina lake ameliona.

Jumamosi, 8 Agosti
Asubuhi umande, mbingu nyeupe, hakuna wingu hata moja.

Nitaandika kwa utaratibu.

Wageni walifika saa saba. Wazee watano wa Mulanda, makoti yote yamefungwa vifungo. Mbele Mzee Owor, baba mkubwa wa Osborn, ndiye msemaji. Mimi nilikuwa jikoni, maana msichana anayeposwa haonekani. Lakini nilisimama palipo na ufa. Metrine alikuwa kwenye kiti cha mbele kabisa, na kitambaa chake cha kijani!

Mti ulikuwa ukutani, karatasi sita nilizozibandika kwa uji wa muhogo. Baba akavuta shuka lililoufunika. Makofi! Mzee Owor akavaa miwani. Akaweka kidole kwa Osborn, akapanda, akapanda, akafika kwa Okochi Mkubwa. Nikafurahi. Kisha kidole kikaanza kushuka upande wa pili. Kikashuka, kikashuka, kikasimama kwangu.

Kuku tu walisikika.

Mzee Owor akavua kofia. Akasema, "Sisi nakuja kuomba bibi, kumbe nakuja kuomba mtoto yetu! Nani ameandika hii? Huyo mtu ameokoa sisi." Wazee wote wakasimama. Nikaitwa nitoke jikoni nipongezwe.

Sikulifikiria! Naapa. Mtu haoi ukoo wake, hata watoto wadogo wanaochunga mbuzi wanalijua hilo. Siku nne nilikuwa nafikiria nafasi ya pembeni mwa karatasi.

Na chakula! Wakwe hula kwa adabu, wanagusagusa tu, nusu inarudi jikoni. Ndugu hawana adabu. Makoti yalivuliwa. Mzee mmoja aliingia jikoni mwenyewe kuchota mchuzi, akaniita mjukuu. Kuku wote watano walikwisha. Osborn peke yake hakula. Alishika bawa mkononi mpaka likapoa.

Wakati wa kuondoka alinipa mkono akasema, "Kwaheri, dada." Sikujua kama anatania. Nadhani hata yeye hakujua.

Metrine alisema hajawahi kuona posa tamu kama hii. Aliomba nimtilie saini kwenye nakala yake. Nikatia.

Jumatatu, 10 Agosti
Asubuhi mvua kubwa. Basi limechelewa dakika arobaini.

Nimeomba ruhusa kazini nimekwenda hadi Mulanda kukiri. Ni rahisi, nilijiambia. Ukweli utamaliza kila kitu.

Nimemkuta Mzee Owor kwenye pamba yake. Nimempigia magoti. Nimemwambia Okochi Mkubwa nilimtunga mimi, Alhamisi, baada ya chai. Alinitazama kwa huruma kubwa. Akasema, "Binti, usikatae babu yako sababu ya mwanamume. Mimi nakumbuka yeye. Mguu ilikuwa nachechemea."

Nikasema haiwezekani. Akamwita jirani yake. Jirani naye anamkumbuka! Ila yeye anasema ni mguu wa kushoto. Wakabishana mbele yangu nusu saa, ni mguu gani. Kisha wakanipeleka kunionyesha kaburi lake karibu na kijito. Wameshalizungushia mawe.

Nikaenda shuleni. Osborn alinitolea kiti nje ya darasa. Akaniambia habari nyingine, mbaya zaidi. Wazee wamesema mwaka usipite kabla hajaoa. Jumamosi hii wanakwenda Nabuyoga kumwona msichana mmoja, Kevina. Ukoo wake umeulizwa, hauna tatizo. Osborn alisema hamtaki Kevina. Alilisema taratibu, kama anavyosema kila kitu, huku akirudi darasani kufuta ubao ambao ulikuwa safi tayari.

Nimelia ndani ya basi kutoka Tororo hadi Busia. Mama mmoja mwenye bata alinipa kona ya kanga yake.

Siku tano. Tano tu!

Jumatano, 12 Agosti
Asubuhi mawingu. Mchana joto la kufungua vifungo.

Jana nimetunga mipango mitatu. Mmoja ulihusu Osborn kubadilisha jina. Mwingine ulihusu mimi kubadilisha baba. Yote nimeichana.

Leo jioni Shangazi Nasirumbi amenikuta nimekaa jikoni bila taa. Akauliza kama sasa nina nafasi ya kumwuliza. Nikamwuliza: baba aliitwa Okochi kwa nini?

Akakaa chini, akaanza kumenya mihogo, akanieleza. Baba alipozaliwa alilia siku tatu mfululizo, hanyonyi. Bibi akaanza kuita majina ya marehemu, mmoja mmoja, ili mtoto achague, kama ilivyo desturi. Babu wa baba, akalia. Wajomba, akalia. Majina ya ukoo yakaisha! Ndipo babu yangu akamkumbuka rafiki yake mmoja muuza majembe, mtu wa mbali, aliyeugua akafia nyumbani kwetu. Aliitwa Okochi. Mtoto akasikia jina hilo, akanyamaza, akashika ziwa. Babu yangu mwenyewe aliitwa Mangeni.

Mangeni! Basi kina Okochi wa Bulumbi ni mmoja tu, naye ni baba. Jina limeanzia kwake na nani alilifanya la ukoo? Masista na mimi.

Nikamwuliza kwa nini hakusema tangu mwanzo. Akasema, "Fomu yako ilinikataa."

Jumamosi, 15 Agosti
Asubuhi jua jembamba, upepo mzuri. Siku ya aina yake!

Tumetoka alfajiri: baba, wazee wetu wawili, Shangazi mbele, mimi nyuma. Shangazi alinipekua mkoba. Akatoa kalamu. Hakuna karatasi leo, alisema.

Tumefika Mulanda wazee wa Osborn wameshavaa makoti ya Nabuyoga! Mzee Owor yuko mlangoni na fimbo. Shangazi hakurefusha salamu. Aliomba kikao, akasimulia ya mtoto aliyelia siku tatu. Kisha akauliza swali moja: ninyi ni wa ukoo gani? Mzee Owor akataja wao. Baba akataja wetu. Hata hazisikiki kama koo jirani.

Nikaruka! Shangazi akanivuta sketi nikakaa. Akasema bado, damu ya mama nayo ni damu. Wakataja ukoo wa mama yangu, wa mama yake Osborn, wa bibi wa huku na bibi wa kule, nami natoka jasho kila jina. Hakuna koo mbili zilizokutana. Ndipo Mzee Owor akaweka fimbo chini.

Lakini akagoma jambo moja. Okochi Mkubwa hamwachi. Alisema watu wa Bulumbi wanataka kumfuta mzee wa watu hivihivi, na mawe yameshawekwa? Nikafungua mdomo. Shangazi akawahi. Alisema sisi hatumdai. Mchukueni, ni wenu peke yenu, mguu na kila kitu. Mzee Owor akamshika mkono kwa mikono miwili!

Tumekula. Baba aligusagusa tu. Akabakiza paja zima kwenye sahani, paja la jogoo! Mzee Owor akalitazama, akatabasamu. Sijawahi kuona nyama nzuri namna ile.

Osborn alinisindikiza hadi barabarani. Hakuniita dada. Aliniita Loice, mara nne, bila sababu.

Nabuyoga hawakwenda.

Jumapili, 16 Agosti
Asubuhi baridi, ndege wengi. Mvua imepita mbali.

Kanisani Metrine ametokea, amevuka kwa makusudi. Ameuliza Umoja wa Kina Okochi una wanachama wangapi sasa. Nimemwambia arusi ni Desemba, aje bila kitambaa. Akageuka akaanza kurudi mpakani! Nimeandika saa: nne na dakika ishirini.

Habari kubwa. Mzee Owor ametuma mtu. Anataka mti upya, wa Mulanda peke yake, usomwe kwa sauti siku ya arusi mbele ya pande zote mbili. Anasema hakuna mwingine awezaye kazi hiyo. Mimi! Nimekubali kabla mjumbe hajashuka baisikeli. Safari hii nitakuwa mwangalifu mno. Hakuna kubahatisha.

Nimeanza baada ya chakula cha jioni. Mistari safi, wino mpya. Saa tatu nimegundua aibu kubwa: Okochi Mkubwa ana wana wawili na hana mke! Itasomwaje hivyo mbele ya wageni? Watu watauliza.

Nimefikiri sana. Lazima awe mwanamke wa nyumba njema. Upande wa mama yangu ni watu wa heshima, na hakuna aliyewahi kuwaandika popote, masikini. Nimemtoa huko. Nafula, dada yake babu wa mama yangu. Alikuwa mrefu, mweupe wa meno, hodari wa kulima. Wanawe wote wa Mulanda walifanana naye, hasa Osborn kwenye paji la uso.

Mama atafurahi mno. Sitamwambia yeye wala Shangazi, iwe zawadi siku ile ile. Sasa pande zote mbili zimeungana vizuri kabisa, mstari mmoja mzuri kutoka kwa Osborn hadi kwangu.

Kesho kazini nitatoa nakala mia moja na ishirini. Nalala sasa, saa saba na dakika kumi usiku.